Ungo Uliohama Mkono

Kipande chenyewe kilikuwa kifupi, cha kutazamwa mtu akisubiri chai ichemke. Mwanamke aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani anapanda kilima, amejitwika mkungu wa ndizi, huku akimfokea mumewe aliyejilaza barazani. Mkono wa kulia ameshika ungo, ameuegemeza tumboni. Picha inabadilika. Mwanamke yule yule, sasa anaonekana kwa nyuma na ubavuni, anafika juu ya kilima. Ungo uko mkono wa kushoto. Na tumbo, lililokuwa likichungulia nyuma ya ungo, halipo.

Mtu fulani alikuwa ameandika chini yake: "Mama Tabu kajifungua kati ya picha mbili! Hata mkunga hakuitwa!"

Orpah alionyeshwa kipande hicho na mteja, dukani kwake mjini Nyamira anakoshona sare za shule. Alikuwa akimpima mabega.

"Madam, si huyu ni wewe?" mteja akamwuliza, huku akimsogezea simu. "Nchi yote inacheka."

Orpah alitazama mpaka mwisho. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuna aliyemtarajia aseme neno. Alimaliza kupima, akaandika vipimo, akamsindikiza mteja hadi mlangoni. Kisha akafunga duka mchana kweupe, akaketi chini nyuma ya cherehani, na hapo ndipo alipogundua kwamba pini bado ziko mdomoni na kwamba moja ilikuwa imemchoma ulimi.

Komedi hiyo iliitwa *Kwa Mzee Tabu*. Wakati wake, Jumapili jioni ikifika, ungepita Kisii na Nyamira ukadhani watu wamehama, kumbe wote wako mbele ya runinga. Kulikuwa na baba mvivu, watoto werevu kuliko wazazi wao, jirani mmoja ambaye pua yake haikukosea saa ya chakula, na mama mwenye mdomo uliokata kama wembe. Mama huyo alikuwa Orpah. Jirani alikuwa Maureen, msichana wa Ogembo. Aliyeibuni, akaiongoza na kuiuza kituoni alikuwa Duke Anyona, kijana mwenye maneno matamu na kofia asiyoivua hata kwenye maombi.

Walirekodia Marani, katika nyumba ya kukodi iliyokaa ubavuni mwa kilima. Orpah aliposhika mimba, alimwambia Duke mapema. Duke alikuna kidevu.

"Mama Tabu hawezi kuzaa sasa. Watoto wake wako sekondari," akasema. "Tutalificha tu."

Basi likafichwa. Wiki hii Mama Tabu ana beseni la nguo, wiki ijayo amebeba kabichi kifuani, wiki nyingine anagomba akiwa nyuma ya mlango nusu. Wote walicheka. Orpah mwenyewe alicheka, kwa sababu ilichekesha kweli, na kwa sababu yeye na mumewe Haron walikuwa wamesubiri mtoto kwa muda mrefu hata kila kitu kilikuwa kikiwachekesha.

Siku ya ungo, tumbo lilikuwa kubwa. Kilima kilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku. Jethro, aliyeigiza baba, alikuwa akisahau maneno yake, na kila akisahau, Orpah alirudishwa chini aanze kupanda upya na mkungu wake kichwani.

"Duke, mgongo unanikata," alimwambia. "Nipumzike kidogo."

"Mara ya mwisho, Mama. Jua hili likienda halirudi."

Akapanda. Jethro akasahau tena.

"Mara ya mwisho," Duke akasema.

Akapanda. Wingu likapita. Mara ya mwisho nyingine. Na nyingine. Penye kona ya kilima miguu ikamwisha nguvu, ndizi zikabingirika hadi mtaroni, naye akaketi kwenye nyasi akiona sketi yake inabadilika rangi.

Maureen ndiye aliyepiga mayowe. Gari lilikuwa moja tu, pikapu iliyobeba jenereta na taa. "Shusheni jenereta!" alilia. "Shusheni, tumlaze hapo!"

Duke alitazama pikapu. Akatazama jua. "Tukishusha, siku imeisha," akasema. "Mwiteni wa boda. Hospitali si mbali."

Kisha akamwinamia Orpah. Orpah alidhani anataka kumshika mkono, na akaunyosha. Duke akapitisha vidole vyake nyuma ya shingo yake, akafungua kile kitambaa chekundu, akakivuta polepole kama mtu anayetoa yai chini ya kuku.

"Samahani, Mama. Nakihitaji kwa picha ya juu ya kilima."

Akamfunga Maureen kitambaa hicho, akampa ungo. Maureen ni mtu wa mkono wa kushoto.

Mtoto alikuwa wa kike. Alitoka kimya. Haron alimzika mwenyewe, kati ya migomba na shamba la chai, akampa jina Moraa, akaweka jiwe jeupe lililochimbwa Tabaka ambalo halikuandikwa kitu. Duke hakuja. Alituma ujumbe wa pole, na chini yake akaongeza kwamba katika hadithi watasema Mama Tabu amerudi kwao. Baadaye kidogo komedi yenyewe ilififia, na Orpah akajifunza kushona.

Watu walipokuwa wakimwuliza barabarani kwa nini aliacha, alisema amechoka. Alimeza maneno yake na kuyaacha yakae. Huenda angekaa nayo hadi kaburini, lakini kipande cha ungo kiliposambaa, Duke aliitwa redioni kusimulia mambo ya nyuma ya kamera. Orpah alimsikiliza akiwa dukani, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani.

"Ah, ile ya ungo!" Duke alisema. "Bwana, Mama Tabu alikuwa ameshiba ndizi, akalala usingizi kwenye nyasi! Tukamwamsha, wapi! Ikabidi tumvike mwingine nguo zake. Na hilo tumbo mnaloliona? Ni ndizi hizo hizo!"

Studio nzima ikaangua kicheko.

Wahenga walisema mtenda husahau, mtendwa hasahau. Lakini Duke hakuwa amesahau. Alikuwa amepika upya, akatia chumvi, akaandaa. Orpah alizima redio. Ule uchungu aliokuwa ameulaza miaka yote uliamka siku hiyo ukiwa umenona, na haukuwa tena uchungu wa kulia.

Haikupita wiki, Duke akampigia simu.

"Mama Tabu wangu!" alisema kana kwamba waliachana jana. "Komedi inarudi. Tumepata mdhamini, watu wa mafuta ya kupikia. Tunazindua Jumapili runingani, moja kwa moja, familia nzima. Watu wanakutaka wewe."

Orpah alifungua kinywa kumtukana. Sauti iliyotoka ilikuwa laini, ikamshangaza hata yeye.

"Nitakuja, Duke. Ila kile kipande cha ungo mkionyeshe. Watu wanakipenda."

"Ndicho tunachoanzia!" Duke akacheka. "Tuna mchezo unaitwa *Kosa Liko Wapi*."

Haron alipata habari hiyo akiwa anafunga kikapu cha majani chai mgongoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, asiyependa kelele.

"Mwachie Mungu, Orpah."

"Nimemwachia. Naona ana kazi nyingi."

"Usikufuru." Alitua kikapu. "Nenda kama unakwenda. Lakini mtoto usimtaje. Huyo ni wetu. Si wa watu wa simu."

Orpah hakumjibu, na kutojibu kwake Haron alikuchukua kama ahadi.

Siku iliyofuata alikwenda Ogembo kumwona Maureen, ambaye sasa alikuwa na saluni na watoto wawili. Walikaa nje, chini ya ubao wenye picha za mitindo. Orpah alimweleza anachotaka: aseme tu mikono ile ni ya nani.

Maureen aliinama, akawa anaokota nywele bandia kwenye aproni yake. "Dada Orpah, Duke amenipa sehemu kubwa safari hii. Watoto wangu wanaingia sekondari. Usinitume kwenye moto."

"Sikutumi. Nakuomba."

"Siwezi, dada. Nisamehe."

Orpah akarudi Nyamira bila shahidi. Akapiga pasi gauni lake la kitenge.

Jumapili hiyo studio ya Kisii ilijaa. Walipangwa kwenye makochi mekundu: Duke katikati na kofia yake, Jethro kulia kwake, Maureen pembeni, na Orpah mahali pa heshima karibu na mtangazaji, Lorna, binti mchangamfu ambaye alikiri kwamba aliitazama komedi akiwa shule ya msingi. Chupa za mafuta ya mdhamini zilikuwa mezani mbele yao, zimeng'arishwa. Watu wawili wa mdhamini, waliovaa suti, waliketi safu ya mbele.

Kipande kikaonyeshwa. Ukumbi ukacheka. Lorna akafuta machozi ya kicheko.

"Haya! Kosa liko wapi?"

"Ungo umehama mkono!" watu wakapaza sauti.

"Na tumbo limepotea!"

"Duke, tusimulie," Lorna akasema.

"Ngoja kidogo, mwanangu," Orpah akaingilia, akitabasamu. "Mimi nilikuwa nimelala, sikuona. Acha nimwulize mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Mama Tabu amerudi! Duke akajinyoosha, akafurahi.

"Uliza, Mama."

"Nililala wapi?"

"Pale kwenye kona. Kwenye nyasi. Fofofo!"

"Mlipojaribu kuniamsha, nilisema nini?"

"Ulikoroma tu!" Kicheko.

"Na nani aliniamsha mwisho?"

 Hapo Duke hakuwa na maneno aliyoyapanga. "Aa... tulikuacha upumzike. Mimi ni mwongozaji mwenye huruma."

"Niliporudi nyumbani, nilirudi na nini?"

"Na gari letu, bila shaka. Pikapu."

"Pikapu," Orpah akarudia. Tabasamu lilikuwa bado usoni pake, lakini sauti ilikuwa imeshuka, na ukumbi ukashuka nayo. "Duke, pikapu ilikuwa na jenereta. Ulikataa ishushwe. Mimi nilikwenda hospitali nimekalishwa kwenye boda kati ya watu wawili, ninavuja damu, kichwa wazi kwa sababu ulinivua kitambaa nikiwa chini. Hilo tumbo halikuwa ndizi. Lilikuwa binti yangu. Alikufa siku hiyo, na ninyi mkaendelea kurekodi."

 Lorna alishika sikio lake, penye kifaa cha kupokelea maagizo, na uso wake ukamkauka.

"Mama Orpah amekuwa na stresi," Duke akasema haraka, akiwageukia wale wa suti. "Tunampenda sana. Haya ni mambo ya faragha, hayakuwa hivyo kabisa, wote tulikuwepo. Jethro, si ulikuwepo?"

Jethro alitazama viatu vyake.

"Kama nasema uongo," Orpah akasema, "mikono iliyoshika ungo kule juu ni ya nani? Mimi ni wa mkono wa kulia."

 Orpah hakumtazama Maureen; alikuwa amekata tamaa naye tangu Ogembo. Ndiyo maana hakuona mwanzo, alisikia tu watu wa safu za mbele wakivuta pumzi. Alipogeuka, Maureen alikuwa ameinua mkono wake wa kushoto, kama mwanafunzi darasani.

"Ni yangu," akasema. "Kitambaa kilikuwa bado na joto la kichwa chake. Nilikivaa. Nikapanda kilima."

Kisha akaanza kulia, na runingani kote Gusii likaingia tangazo la mafuta ya kupikia.

Mambo yalikwenda mbio baada ya hapo. Jumatatu mdhamini alijitoa. Kituo kikasema hakijui chochote kuhusu komedi hiyo. Duke alikuwa na studio ya picha mjini Kisii, iliyoishi kwa harusi na mahafali. Maharusi wakatafuta mpiga picha mwingine. Wenye boda walipomwona walimpigia honi: "Duke! Jenereta imeshushwa?" Alilalamika kwamba ameonewa. Ndivyo ilivyo, mtenda akitendwa huona kaonewa.

Orpah alifurahi. Nisiseme uongo hapa ili aonekane mwema: alifurahi mpaka mifupani. Alikuwa na sababu za kwenda Kisii kununua vifungo na nyuzi, na sasa akawa na sababu nyingi zaidi. Alivaa vizuri, akapita mbele ya studio ya Duke polepole, upande wa kivuli, akahakikisha ameonekana. Siku aliyokuta pazia la chuma limeteremshwa na tangazo la kupangisha limebandikwa, alinunua soda, akainywa amesimama pale pale.

Ila nyumbani kulikuwa baridi. Haron aliongea naye habari za ng'ombe na za chai, basi.

"Sema tu," alimwambia siku moja wakichuma. "Nitukane, yaishe."

Haron aliendelea kuchuma, vidole vikienda. "Sasa kila mtu ana mtoto wangu kwenye simu yake," akasema mwishowe. "Wanamlilia watu ambao hawakumbeba. Mimi ndiye nilimbeba. Hukuniuliza, Orpah."



Duke alikuja mwezi uliofuata, mchana, bila kofia. Kichwa chake kilikuwa na upara mdogo ambao hakuna aliyewahi kuujua. Orpah alimkuta amepiga magoti uani, kwenye vumbi, kuku wakimzunguka.

"Mama Orpah," alianza, mikono imeunganishwa, "nimekuja kama mwanao. Nilikosa. Nilikuwa kijana, nilipenda kazi kuliko utu. Naomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yako."

Maneno yalikuwa mazuri. Machozi yalikuwepo. Orpah alihisi kitu ndani yake kikianza kulegea, bila idhini yake. Kisha akaona simu, imesimamishwa ndani ya mfuko wa shati, jicho lake likichungulia nje juu ya kitambaa kama panya kwenye shimo.

Hakupiga kelele. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Rudia," akasema.

"Ati?"

"Rudia. Kuku amepita mbele yako, sauti haikusikika. Anza penye *nimekuja kama mwanao*."

Duke akakodoa macho. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukashuka. Lakini alihitaji kile kipande. Bila msamaha wa Mama Tabu hakuna ambaye angempa kazi. Akarudia.

"Machozi yamekauka," Orpah akasema. "Rudia."

Akarudia. Magoti yalikuwa yakimwuma sasa. Alikuwa akihama goti hadi goti.

"Mara ya mwisho," Orpah akasema.

Akarudia.

"Mara ya mwisho, Duke. Safari hii umtaje mtoto kwa jina. Watu watataka kusikia jina."

Duke akafungua mdomo. Alitazama mlango wa nyumba, akatazama migomba, kana kwamba jina lilikuwa limeandikwa mahali. Orpah alimsubiri. Alimsubiri kwa subira yote aliyokuwa nayo, na alipoona kwamba mtu huyu hajawahi hata kuuliza, aliinuka.

"Nenda zako," akamwambia. "Hiyo uliyonayo, iweke hivyo hivyo. Uitazame."

Kitu kikaanguka nyuma yake. Haron alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kikapu kimemtoka begani, majani yametapakaa. Alikuwa amesikia yote. Alimpita mkewe, akamshika Duke kwapani, akamwinua kama anayeinua mgonjwa, akamtembeza hadi lango na kulifunga. Aliporudi aliokota majani yake, na Orpah akainama akamsaidia.

Sabato ya Meza ya Bwana, kanisani kwao, watu hutawadhana miguu kabla ya mkate. Orpah hakutoka mbele. Alijua sheria yenyewe: mwenye kinyongo asisogee. Alikaa benchi la nyuma, wanawake wakipita na mabeseni na taulo, akitazama dirishani.

Mama mmoja mzee akaja akaketi chini mbele yake, kwa taabu, beseni pajani. Alikuwa Ruth, mama yake Duke, ambaye alikuwa ametoka kanisa la ng'ambo ya mto kwa miguu.

"Omong'ina, mama yangu," Orpah akasema, akirudisha miguu nyuma, "wewe hukunikosea."

"Najua."

"Na mwanao sijamsamehe. Usiseme nimemsamehe ukifika nyumbani."

"Sitasema," Ruth akajibu. "Sikuja kwa ajili yake. Toa viatu, mwanangu, magoti yangu yanaumia."

Orpah alimkagua yule mama. Alitafuta simu, alitafuta mtu aliyemtuma, alitafuta hila usoni pake, hakuiona. Akavua viatu. Maji yalikuwa baridi, ya mtoni, na mikono ya Ruth ilikuwa mikavu kwa kazi ya shamba. Alimwosha kisigino hadi vidole, akamfuta.

Mkate ulipopitishwa, Orpah aliupisha. Ruth naye, akiwa kando yake, akaupisha, asimwache peke yake. Wakaketi hivyo wawili, kinywa kitupu, mpaka wimbo wa mwisho ulipoanza na watu wakasimama.